Maneno Kumi na Manne Niliyomnyima Leonsi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyosimama chini ya dirisha la boma la Sumbawanga, nimenyamaza, huku rafiki yangu akiulizwa ndani maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo mfukoni. Nasema mfukoni, na ndivyo ilivyokuwa hasa. Yaliandikwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa kwenye mfuko wa kaptura yangu. Usianze kunihurumia ukadhani nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ndevu mbili tatu kidevuni nilizozipenda kupita kiasi.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza shule ya kati, nikarudi nyumbani Kasense kungoja barua ya kuitwa kazi ya ualimu. Siku hizi Kasense imeshikana na mji, lakini wakati ule ilikuwa mashamba matupu, na kijana aliyejua Kiingereza pale kwetu nilikuwa mimi peke yangu. Weee, nilijiona! Nilikuwa nikipita njiani nimeshika daftari mkononi hata kama sina la kusoma, ili mradi watu walione. Mama mmoja akinisalimia kwa Kifipa, mimi namjibu kwa Kiswahili cha shuleni, tena kwa pozi, kana kwamba Kifipa nimekisahau. Leo nikikutana na kijana wa namna ile njiani nahisi mkono unaniwasha.

Baba yangu hakushangazwa na Kiingereza changu. Wiki ya pili tu aliniambia, "Gaudensi, barua yako ikija ije. Lakini anayekula hapa ana shamba lake. La kwako ni lile la bondeni, karibu na mto." Hakusema zaidi. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na ukimwona amesema sentensi tatu ujue amefikiri siku tatu.

Sasa sikiliza, maana bila kuelewa kilimo chetu hutaelewa kosa langu. Sisi Wafipa tunalima kwa matuta ya mviringo, intumba tunayaita. Mvua zinapokaribia kuisha, ardhi ikiwa bado laini, unafyeka majani, unayalundika, kisha unageuza udongo na kuyafunika. Majani yanaozea humo ndani kiangazi kizima. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, unalibomoa tuta, unalisambaza na kupanda ulezi, na udongo unakuwa mweusi, umeshiba. Ila kazi hiyo ina majira yake. Ni wiki chache tu. Mvua zikikata kabla hujageuza udongo, ardhi inakuwa ngumu, jembe linadunda, na umepoteza mwaka mzima. Huwezi kusema nitafanya kesho kutwa.

Mimi mikono yangu ilikuwa laini kwa kalamu. Siku ya kwanza nililima matuta manne, nikarudi nyumbani nina malengelenge, na jioni ile nilishindwa hata kumega ugali. Siku ya pili nililima mawili. Siku ya tatu niliketi kwenye mpini wa jembe nikatazama lile shamba, likaonekana linafika hadi Matai.

Hapo ndipo aliponijia Leonsi. Leonsi tulikua pamoja, nyumba yao na yetu zilitenganishwa na zizi tu. Baba yake alikuwa ameshafariki, alibaki yeye na mama yake, na shule aliiacha darasa la pili ili amsaidie. Kusoma Kiswahili alijua, Kiingereza hakujua hata neno. Lakini jembe, mwanangu! Kasense nzima hakukuwa na mtu wa kulima kama Leonsi. Alikuwa akiinama asubuhi unamwona anainuka saa sita, na nyuma yake matuta yamekaa kwa mstari.

Alikuja na habari kubwa. Kule bondeni Rukwa, chini ya ukingo wa uwanda wetu, nzige wekundu walikuwa wanazaliana, na Wazungu walikuwa wanaajiri watu wa kuwatafuta na kuwaua kabla hawajaruka. Vibarua wengi walikuwa wameshapatikana. Kilichotakiwa ni msimamizi mmoja wa kikosi kutoka upande wetu, mtu mwenye nguvu ya kutembea, anayeijua nchi, na anayeweza kusema Kiingereza cha kutosha kutoa ripoti mwenyewe, kwa sababu huko porini hakuna mkalimani. Mzungu wa nzige angekuja boma baada ya Pasaka kuwasaili watu. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

"Nisipoipata hiyo, naenda mkonge," Leonsi aliniambia. "Hapa hatuna njia nyingine. Na nikienda mkonge, mama anabaki na nani?"

Mkonge ulikuwa Tanga. Vijana wetu wengi walikuwa wanaandikishwa kwa mkataba, wanapandishwa malori, na wengine hatukuwaona tena, waliugua huko au walioa huko. Wengine walikwenda migodini, upande wa Rhodesia, ikawa vilevile. Kwa Leonsi, kazi ya nzige ilikuwa ni kubaki karibu, kupanda ukingo mwishoni mwa mwezi na kumwona mama yake. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, na nililielewa vizuri kabisa. Nataka ulijue hilo, mwanangu. Sikukosea kwa kutokuelewa.

Nilimwambia, "Nitakufundisha. Wewe nisaidie shamba, mimi nikupe Kiingereza." Alifurahi mpaka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kupiga goti kidogo, kama tunavyomshukuru mtu mkubwa. Mimi nikauacha mkono wangu ushikwe.

Kwa wiki ya kwanza nilimfundisha vizuri. Jina langu ni fulani, natoka mahali fulani, naweza kufanya kazi. Kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko changu, na hilo nililiona mapema, na halikunifurahisha. Ndipo tulipofikia kile kitenzi.

Kiingereza kina kitenzi kimoja kidogo, "get". Peke yake maana yake ni kupata. Lakini Mwingereza anakitumia kwa kila kitu. Akilowa mvua, akizeeka, akifika mjini, akielewa ulichomwambia, yote kwake ni "get". Na ukikibandika kijineno nyuma yake, kinageuka kitu kingine kabisa. "Get up" ni kuamka. "Get in" ni kuingia, "get out" ni kutoka. "Get over" ni kupona ugonjwa, au kulizoea jambo lililokuumiza. "Get by" ni kujikimu kwa hicho kidogo ulicho nacho. "Get away" ni kuponyoka. "Get on" na mtu ni kupatana naye. Mwalimu wetu wa shule ya kati, mtu mkali aliyependa chaki kuliko chakula, alikuwa ametuambia kwamba mwenye kukijua kitenzi hiki na vijineno vyake anaweza kukaa na Mwingereza kutwa nzima asikwame. Alitupa maneno ishirini na matatu ya namna hiyo tuyanakili, na mimi niliyanakili kwa mwandiko mzuri, kurasa mbili za daftari, kila moja na maana yake na mfano wake.

Kurasa mbili, mwanangu. Mtu mwenye kichwa cha Leonsi angezimeza kwa siku tatu, nne.

Nilipomwambia habari ya kitenzi hicho macho yalimtoka. "Basi hicho ndicho nikitakacho," alisema. "Nipe hicho chote." Nami nikatazama shamba langu. Matuta yalikuwa hayajafika hata robo. Nikawaza, huyu akishapata yote ishirini na matatu, kesho atashika jembe lake aende kwao. Shetani hakuhitaji kuja mwenyewe, mimi nilitosha. Nikamwambia kitenzi hiki ni kigumu mno, kina mitego, mtu akikimeza haraka kinamchanganya akili, kwa hiyo tutakwenda neno moja baada ya mstari mmoja wa matuta. Akimaliza mstari, namfungulia neno.

Aliitikia. Angefanyaje?

Ikawa hivyo. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha kibanda cha kuwingia ndege, daftari nimelifunika kwa kiganja, na yeye anainama na jembe. Alikuwa akilima anarudia kwa sauti, jembe likipanda "geti apu", likishuka "geti dauni", mpaka wanawake waliokuwa wakipita kwenda mtoni wakaanza kumwigiza, na wakimwona tu wanasema, "Geti apu anakuja." Yeye anacheka nao. Mimi nilikuwa nikimsahihisha matamshi. Ulimi wake ulikuwa wa Kifipa mtupu, wangu pia, ila mimi nilikuwa na daftari. Neno moja nililishikilia siku tatu, nikisema bado hujalitamka sawasawa, kumbe alilitamka sawa na mimi tangu mara ya kwanza.

Tena nilikuwa na hila nyingine mbaya zaidi. Nilianza na yale mepesi, ya kuamka na kuingia na kutoka. Yale yenye uzito, ambayo nilijua Mzungu wa nzige lazima atayatumia, niliyaweka mwisho, ili asije akaridhika na kuacha jembe.

Siku moja nilimwuliza shamba la mama yake linaendaje. Akafuta jasho, akasema, "Lako likiisha nitaligeuza letu. Mvua bado ipo." Nikasema, "Ndiyo, bado ipo." Maneno kama hayo hayana gharama yoyote mtu anapoyasema.

Mama yake alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye kutembea kama anayeogopa kukanyaga kitu cha mtu. Alikuwa akituletea chakula shambani, viazi au maharagwe, na mara moja kuku, ambaye najua hakuwa na mwingine. Mimi ndiye niliyepewa paja. Siku hiyo aliniuliza kwa Kifipa, kwa heshima, kama vile mimi ni mkubwa wake, "Mwanangu, maneno yenyewe bado ni mengi?"

Nilikuwa na mfupa wa kuku wake mkononi. Nikamjibu, "Bado mengi, mama."

Akasema, "Haya. Mungu akuongezee kwa unavyojitaabisha na huyu," akakusanya vyombo vyake akaondoka. Nimekosa mengi maishani, nimegombana na watu, niliwahi kumpiga mwanafunzi nikamwumiza. Lakini nikiamka asubuhi na kitu kimenikaa kifuani, mara nyingi ni ule mfupa.

Mvua za mwaka ule zilikata mapema. Hazikuaga. Jumapili ilinyesha tukatoka kanisani tumelowa, Jumatatu jua, Jumanne jua, na wiki iliyofuata vumbi. Shamba langu lilikuwa limekwisha, matuta yamejipanga hadi mtoni, mazuri, watu wakisimama kuyatazama. Shamba la mama Leonsi lilikuwa na mistari miwili. Leonsi alijaribu kuligeuza, nikamwona kwa mbali akipiga udongo, jembe linaruka. Alipiga kutwa nzima akapata matuta matatu, na mpini ukavunjika. Lakini alirudi akiwa na uso mzuri tu. Alisema, "Si neno. Kazi ya nzige ikipatikana tutanunua ulezi."

Kufikia hapo alikuwa amepata kwangu maneno tisa.

Siku ya usaili tulikwenda pamoja. Alinisihi nimsindikize apate moyo. Alivaa shati langu jeupe, hilo nilimwazima bila masharti, na njia nzima alikuwa akisema yale maneno tisa kwa zamu. Bomani tulikuta watu wengine watano. Mzungu alikuwa mtu wa makamo, uso umeungua jua, anaongea taratibu wala si mkali. Leonsi alipoitwa mimi nilizunguka nikasimama chini ya dirisha. Lilikuwa wazi, nilisikia kila kitu.

Alianza vizuri mno. Jina, kwao, ukoo. Mzungu akamwuliza huwa anaamka saa ngapi, akitumia neno letu la kwanza kabisa, na Leonsi akajibu kwa sauti ya kishujaa mpaka Mzungu akacheka kwa kupendezwa. Alimwuliza juu ya njia za kushuka bondeni, akajibu. Nilianza kupumua. Nikasema moyoni, huenda ikapita hivihivi.

Kisha yakaja. Je, unapatana vipi na watu wa bondeni? Alitumia "get on". Kimya. Akamwuliza kwa namna nyingine, naye kwa bahati mbaya akatumia kijineno kingine cha kitenzi hichohicho. Kimya. Akaliacha, akauliza: nzige wakiponyoka, itakuchukua siku ngapi kurudi kunipa habari? Humo yalikuwemo mawili, "get away" na "get back". Leonsi alikijua kile kitenzi, akawa anakisikia kinapita mbele yake kimevaa nguo asizozijua, na akajaribu kusema yale aliyokuwa nayo, kuamka, kuingia, kutoka, moja baada ya jingine. Mzungu akangoja. Alingoja kwa uungwana, sitaki kumsingizia. Leonsi akageuza uso akatazama dirishani, akaniona.

Maneno yote hayo manne nilikuwa nayo mfukoni. Ukurasa wa pili, mistari ya chini. Nikainamisha kichwa nikatazama viatu vyangu.

Kazi aliipata kijana mmoja kutoka Matai.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa nangoja anitukane, na laiti angenitukana! Alitembea muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maneno yale tulikuwa bado hatujayafikia."

Nikasema, "Ndiyo, bado."

Alijiandikisha mkonge wiki ileile. Lori liliondokea mjini, mbele ya maduka ya Waislamu, wenye lori wenyewe wakisaidia kufunga mizigo. Mama yake alimletea viazi vya kuchemsha vimefungwa kwenye kitambaa. Hakulia mbele ya watu, alishika tu ubao wa lori kwa mkono mmoja, mpaka dereva akamwomba auachie. Leonsi akanipungia mkono, akasema kwa sauti, "Mwalimu, mwangalie mama!" Nilitamani ardhi inimeze.

Nilidhani yameisha, kwamba hakuna ajuaye. Lakini baada ya miezi miwili mama Leonsi alikuja kwa baba kuomba kipande kidogo cha shamba cha kupanda mvua zikianza, kwa sababu la kwake halikugeuzwa. Baba akamwuliza kwa nini, mbona ana kijana mlimaji? Akaeleza bila kulalamika hata kidogo, akisema kijana alikuwa kwenye masomo ya Gaudensi, na masomo yenyewe yalikuwa marefu.

Alipoondoka baba aliniita. Nilimkuta ameketi anachonga mpini, na hakuacha kuchonga.

"Maneno yalikuwa mangapi?"

"Ishirini na matatu, baba."

"Ulimpa mangapi?"

"Tisa."

"Yanajaza daftari zima?"

"Hapana, baba. Kurasa mbili."

Hapo mkono wake ulisimama. Baba hakujua kusoma, lakini ukurasa alijua ni kitu gani. Alinitazama kwa muda, na machoni mwake sikuona hasira, niliona aibu. Alikuwa anaona aibu kwa ajili yangu. Heri angenicharaza ule mpini.

Akasema, "Kwetu tuta ni la mkono uliogeuza udongo, mpaka lizae. Yale matuta ya mtoni si yako, wala si yangu. Kesho utakwenda kwa mama Leonsi, utamwambia shamba ni lake, na utamwambia kwa nini. Na kila mwaka mvua zikikaribia kuisha, utamgeuzia udongo wewe, kwa mikono yako, mpaka mtoto wake arudi. Asiporudi, mpaka mmoja wenu afe."

Nilikwenda. Kuna safari fupi ambazo ni ndefu kuliko kwenda Wampembe, kule ziwani, kwa miguu, na ile ya kuzunguka zizi ilikuwa mojawapo. Nilimwambia yote nikiwa nimepiga magoti, pamoja na habari ya kuku. Alisikiliza akipepeta ulezi. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: "Yeye anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi usimwandikie. Atakaa vibaya huko ugenini. Akirudi utamwambia mwenyewe."

Barua yangu ya ualimu ilikuja, nikapangiwa shule ya karibu, na kila mwaka majira ya matuta yalipofika nilivua shati la kazi saa tisa alasiri nikaenda kulima. Watu walinicheka, mwalimu mzima na tope magotini. Mwaka wa kwanza mikono ilichubuka hadi damu, wa pili ikaota sugu. Na barua za Leonsi zilipokuja kutoka Tanga, mimi ndiye niliyemsomea mama yake, maana msomaji mwingine hakuwepo jirani. Kila barua iliishia vilevile: msalimie mwalimu wangu Gaudensi, mwambie namshukuru kwa kukutunza. Nilikuwa nasoma hayo kwa sauti, mbele yake, naye anatazama pembeni ili nipate nafasi ya kumaliza.

Nililima misimu sita. Kabla ya wa saba, Leonsi alirudi.

Alirudi amekonda, jicho moja limeharibiwa na mwiba wa mkonge, lakini ni yeye. Alimkuta mama yake yu hai. Nilimwacha siku mbili apumzike, siku ya tatu nikamwendea, nikamwambia, bila kuzunguka. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kupigwa.

Aliniangalia kwa lile jicho zima. Akasema, "Gaudensi, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba unanipimia. Nilijua tangu wiki ya pili. Kwani sikuona ulivyokuwa unalifunika daftari?"

Nikamwuliza, kwa nini basi hakusema, kwa nini aliendelea kulima, kwa nini hakunigombeza hata siku ile ya boma.

"Ningesema ungechukia, ungeniacha kabisa. Tisa ni bora kuliko hakuna." Kisha akaongeza, "Na Kasense hii ningemwuliza nani mwingine?"

Nililia, mwanangu, mwalimu wa watu, mbele ya uwanja wa nyumba yao. Yeye hakunibembeleza wala hakunisukuma. Akangoja nimalize, kama alivyozoea kungoja. Kisha akaniambia nimsomee hayo yaliyobaki, hata kama hayana kazi tena, apate tu kuyajua. Tulianza mama yake alipoteleka maharagwe, na yalikuwa hayajaiva tulipomaliza. Yote kumi na manne.

Mwanangu, uliponijia juzi ukanieleza kwa kucheka jinsi wenzako kazini wanavyokutegemea, jinsi unavyowafundisha nusu na nusu unabaki nayo ili wasikupite, nilinyamaza, ukadhani sijakusikia. Nilisikia. Haya ndiyo majibu yangu, nimeyaandika kwa sababu ningeyasema uso kwa uso ningegomba.

Unachokijua, anayekuhitaji mpe chote, tena mpe mapema, na anza na lile atakalolihitaji zaidi. Usiuze elimu kwa jasho la mtu asiye na pa kwenda. Ukitaka kulimiwa, sema nataka kulimiwa, utakubaliwa au utakataliwa, yataisha. Na usijidanganye kwamba yule unayempunja haoni. Anaona. Ananyamaza kwa kuwa hana mwingine wa kumwendea, na ukimya wake usiufanye heshima. Na kama umeshampunja mtu, usingoje baba yako aulize. Nenda leo, ukampe yaliyobaki kabla hajaitwa kwenye chumba ambacho wewe huwezi kumjibia.

Mimi nimezeeka, mikono haishiki jembe wala chaki. Ninachobakiwa nacho cha kukupa ni maombi. Mungu akujalie kujua mengi kuliko mimi, na akufungue mdomo uyaseme. Akuletee watu wa kukuuliza kila siku ya maisha yako, na wakiondoka kwako wawe wamepata walichokijia. Na siku na wewe utakaposimama hujui, mbele ya mtu anayejua, akukutanishe na mwema. Amina.